Kabla ya programu, niambie unalala saa ngapi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa nzima. Mwaka huu nimeanza mazoezi mara tatu na mara zote tatu nimeacha. Safari hii nilijipanga kwelikweli. Nilinunua raba za kukimbilia, mikanda ya kuvuta, dambeli jozi mbili, saa ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, pamoja na kopo la unga wa protini. Mtandaoni nikapata programu ya siku sita kwa wiki, kila siku na sehemu yake: kifua, mgongo, miguu, mabega, mikono, tumbo. Naamka saa 11 alfajiri. Nimekata wanga wote, nimeacha sukari, usiku sili. Nilienda siku 11. Siku ya 12 kengele ililia, nikaizima, ikawa basi. Kulala huwa nachelewa kidogo kwa sababu ya simu. Sasa naomba unishauri: programu ipi inamfaa anayeanza kama mimi? Na huo unga ninywe kabla ya mazoezi au baada?
Nguvu ya Soda

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Jina ulilojichagulia limenichekesha, kisha limenichoma, maana miaka 17 iliyopita lingenifaa mimi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Vifaa umevitaja kimoja kimoja. Programu umeieleza hadi mikono na tumbo. Lakini usingizi umeupita haraka kama mdaiwa anayepita mbele ya mlango wa mdai wake: "huwa nachelewa kidogo." Ikabidi nikuandikie kukuuliza kidogo ni saa ngapi, ukajibu saa 7 usiku. Haya, tupige hesabu. Kutoka saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri ni saa 4. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kwa siku 11 umeukopa mwili wako saa 33, halafu unashangaa mkono ulipata wapi ujasiri wa kuzima kengele. Mimi nashangaa ulifikaje siku ya 11.

Usidhani usingizi nautaja kama nyanya anayekusihi upumzike. Unaingia mpaka kwenye hicho unachokitafuta. Kuna jaribio la Chicago lililochapishwa mwaka 2010: watu 10 wenye uzito uliozidi walikula mlo wa kupunguza kalori kwa siku 14 huku wakipewa saa 8 na nusu za kulala, na kwa siku nyingine 14 wakala hivyohivyo ila muda wa kulala ukawa saa 5 na nusu. Mizani ilionyesha karibu kitu kimoja, kama kilo 3 zimeondoka kila kipindi. Ila walipolala kidogo, mafuta waliyopoteza yalikuwa pungufu kwa 55%. Sehemu kubwa ya kilichoondoka haikuwa mafuta, na njaa iliwasumbua zaidi. Watu 10 ni wachache, sijengi dini juu yao. Lakini niliyoyaona kwa watu ninaowafundisha hayako mbali na hayo.

Kwa hiyo programu sikupi. Kwa wiki mbili usiguse dambeli. Simu ilale sebuleni, kwenye chaja, na uniwie radhi nikisema mbali na mkono wako. Najua utaniambia kengele iko kwenye simu. Tafuta saa ya mezani. Usijaribu kuruka kutoka saa 7 usiku hadi saa 4 kwa mkupuo mmoja, utalala macho kodo ukitazama dari. Vuta dakika 20 nyuma, kaa hapo siku tatu nne, vuta tena. Na kama unakunywa kahawa jioni, jua kwamba kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini. Kikombe cha saa 11 jioni, nusu yake bado inazunguka kwenye damu saa 4 usiku wakati wewe unageuza mto upande wa baridi.

Katika wiki hizohizo mbili, tembea. Saa yako mpya huenda ikakudai hatua 10,000, maana nyingi zimewekwa hivyo kiwandani. Hiyo namba haikutoka maabara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Japani iliuza kifaa kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua 10,000. Namba ilipendeza, ikabaki. Utafiti wa wanawake wazee wa Marekani, wastani wa umri wao miaka 72, uliochapishwa mwaka 2019, uliona kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea kama 2,700, na nafuu iliendelea kupanda hadi kwenye 7,500 hivi, ikatulia. Wewe vaa saa siku tatu bila kujibadilisha, uone unatembea ngapi. Ukikuta 3,000, lengo lako ni 4,000. Usicheke. Ukizoea, ongeza.

Tena hizo hatua si lazima zivaliwe raba. Huko London, Jerry Morris na wenzake walichapisha mwaka 1953 ulinganisho wa madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa. Gari moja, zamu moja, moshi mmoja. Dereva amekaa, kondakta anapanda na kushuka ngazi kukatisha tiketi siku nzima. Waliougua moyo walikuwa wachache zaidi kwa makondakta. Hakuna kati yao aliyekuwa na programu ya kifua na mgongo.

Sasa chakula. Wanga urudishe leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyohifadhiwa ndani yake, na sukari hiyo inatokana hasa na wanga unaokula. Umekata wanga, umekata mlo wa usiku, umekata usingizi, kisha ukaenda kunyanyua chuma gizani kabla ya jua. Hata gari bovu hulifanyii hivyo. Badala ya kuondoa, ongeza: kila mlo uwe na protini ya kuonekana kwa macho, mayai, samaki, jamii ya kunde, chochote ulichozoea, na mboga zijaze karibu nusu ya sahani. Anayefanya mazoezi ya nguvu anatoshwa na gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo ukiwa na kilo 80 utaona mayai pekee hayakufikishi, changanya. Huo unga ni chakula tu kilichokaushwa. Mlo ukipungukiwa, kunywa. Kabla au baada, saa yoyote. Uliniuliza hilo, nimelijibu.

Wiki ya tatu ndipo utatoa dambeli. Siku mbili kwa wiki, dakika 25, mwili mzima kila mara: kuchuchumaa hadi kwenye kiti na kuinuka, pushapu ukiegemea meza, kuvuta mkanda kuelekea tumboni, kulala chali na kuinua nyonga, kisha kubeba dambeli mkono huu na huu na kuzunguka nazo nyumba. Achia wakati bado unaona ungeweza mara mbili tatu zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Zile siku sita za kugawanya mwili vipandevipande waachie waliokwisha kuzoea.

Nakwambia polepole kwa sababu nililipa. Nilikuwa na miaka 29, sijakimbia tangu shule. Siku ya kwanza nikakimbia kilomita 5, ya pili 5, ya tatu 6, kwa sababu pumzi ilikuwa inakuja vizuri na nilijiona simba. Wiki ya tatu goti la kulia likavimba, nikashindwa hata kukunja mguu ndani ya gari. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba pumzi na misuli huzoea mapema, kano zinazoshika misuli na mfupa zinakuja nyuma kwa mwendo wa kobe. Nilikaa wiki 6 nikiwatazama wengine wakipita.

Na siku ya 12? Watafiti wa London walifuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya, kila mmoja na yake. Katikati ya kundi, tabia ilichukua siku 66 kukaa yenyewe bila kulazimishwa. Wengine siku 18 tu, na aliyekadiriwa kuchelewa kuliko wote siku 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo siku yako ya 12 haikuwa na kosa. Nilitaka kukuuliza ya 13 ilikuwaje.

Jambo la mwisho, tafuta daftari. Kila siku andika herufi tatu: L kwa kulala, T kwa kutembea, N kwa nguvu, na namba mbele yake. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea lake baada ya wiki 6, limelowa chai kwenye kona, akilalamika kwamba hana nidhamu ya kutembea. Tukalifungua mezani. Kila palipoandikwa L 5 au pungufu, T ya siku hiyo ilikuwa sifuri, au dakika 10 za kujikongoja. Palipokuwa na L 7, T ilikuwa 30, 35, siku moja 50. Alilitazama lile daftari kama bili ya umeme aliyokuwa hajaifungua. Hatukuzungumzia nidhamu tena, tukazungumzia televisheni ya chumbani.

SWALI: Mwalimu, juzi tulishindana na wenzangu kupiga skwati 100. Siku ileile nilikuwa mzima. Leo siwezi kukaa chooni bila kushika ukuta. Nimejiumiza? Wenzangu wanasema ni asidi, nifanye tena ili itoke.
Mshindi wa Pili

JIBU: Wa kwanza yukoje? Nahisi hajaweza kuandika barua.

Hiyo si asidi. Kile wanachokisema hutoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi baada ya kuacha, na wewe uko siku ya pili. Ni michubuko midogo sana ndani ya misuli, inayoletwa hasa na ile sehemu ya kushuka, na maumivu yake hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Baada ya hapo hupungua yenyewe. Tembea taratibu, kula, lala. Usirudie skwati leo kwa kusikiliza wenzako. Ukirudia baada ya siku kadhaa, tena 20 badala ya 100, utaona safari hii mwili umekumbuka, hauumi hivyo. Mimi baada ya mara yangu ya kwanza nilishuka ngazi kinyumenyume nikishika ukuta, majirani wakidhani natafuta kitu kilichoanguka.

Ila sikiliza hili bila mzaha. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia kama soda nyeusi, au mapaja yakavimba na kukosa nguvu kabisa, nenda hospitali leoleo. Misuli iliyoharibika kupita kiasi humwaga vitu vinavyoumiza figo, na mashindano ya namna hii kwa mtu asiyezoea ndiyo mojawapo ya njia za kufika huko.

SWALI: Nina wiki tatu za mazoezi, nakula vizuri, nalala saa 7. Nimepima, nimeongezeka kilo moja na nusu! Niache?
Dada wa Mizani

JIBU: Dada, acha mizani, mazoezi endelea. Mwili wako umeanza kuweka akiba ya sukari kwenye misuli kwa ajili ya kazi mpya, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na kama gramu 3 za maji. Misuli inayojirekebisha nayo hushika maji. Ukijumlisha na chumvi ya mlo wa jana, na kwa mwanamke siku za mwezi, kilo moja na nusu inatoka na kurudi bila mafuta kuhusika.

Chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha kiunoni usawa wa kitovu, pumua nje kawaida, soma. Rudia kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla hujala. Mizani ukishindwa kuiacha, basi pima kila siku na uchukue wastani wa wiki, wala usikasirike na namba ya siku moja. Kitakachobadilika kwanza huenda usikione kwa macho kabisa. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu neva zinajifunza kuiita misuli, kabla misuli yenyewe haijakua. Utagundua siku utakapobeba ndoo na kushangaa nani ameipunguza maji.

SWALI: Mkanda wa plastiki wa tumboni unaondoa kitambi?
(Wameuliza watatu, majina nayaficha)

JIBU: Unaondoa maji. Kunywa glasi mbili, nusu kilo imerudi. Mafuta hayachagui pa kutoka kwa sababu umepafunika, na ukikimbia juani umejifunga plastiki unaweza kuzidiwa na joto ukaanguka. Mkanda ufae kufungia mizigo.

SWALI: Mwanangu, nina miaka 61. Natumia dawa za presha na za sukari. Mtoto wangu amenilipia jimu mwaka mzima, anasema nisipokwenda atakasirika. Nami naogopa.
Mzee Mwenye Kadi

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mtoto ana nia njema na kadi haiozi, itakusubiri. Kwanza pitia kwa anayekuandikia dawa, ukiwa na karatasi ya majina yake yote mkononi, umuulize maswali mawili. La kwanza: kati ya dawa zangu za sukari, ipo inayoweza kuishusha sana nikifanya mazoezi? Insulini inaweza, na baadhi ya vidonge pia. Kama ipo, usitembee na tumbo tupu, na mfukoni uwe na kitu kitamu. Ukitetemeka, ukitoka jasho baridi au kichwa kikazunguka, kaa chini ukile. La pili: dawa yangu ya presha inapunguza mapigo ya moyo? Zipo zinazofanya hivyo, na ukitumia hizo usiamini namba za mapigo kwenye mashine za jimu. Amini mdomo wako. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, mwendo uko sawa.

Ukiruhusiwa, anza na dakika 10 za kutembea mahali tambarare, mara mbili kwa siku. Ukifika nyumbani vua viatu, kagua nyayo na katikati ya vidole. Mwenye sukari anaweza kuwa na kidonda asikisikie. Nguvu zako zianzie kwenye kiti: inuka bila kusukuma kwa mikono, kaa taratibu, mara 5, huku unapumua. Usibane pumzi unaponyanyua chochote, presha hupanda ghafla. Kifua kikibana, maumivu yakielekea mkono au taya, au ukihisi unataka kuzimia, simama hapohapo na uitishe msaada, hata kama mtoto amelipia dakika zilizobaki.

SWALI: Mwalimu, kila toleo unatuhubiria usingizi. Wewe mwenyewe unalala saa ngapi?
Msomaji Asiyekuamini

JIBU: Nimefungua daftari. Wiki iliyopita, L 7 au zaidi siku tano. Siku mbili L 5 na nusu, mpira ulikuwa wa usiku na timu yangu ilifungwa. T ya siku zile mbili sikuandika.